Miaka Yangu Mitatu Katika Polisi ya Mikoroshoni

Zuhura ameniomba niwaandikie ninyi mnaoingia kikosini mwezi huu. Alitaka niandike kanuni. Nikamwambia kanuni zipo, mmeshapewa, na najua hamjazisoma. Kwa hiyo nitawasimulia yaliyonipata, na mkichoka mwende mkanywe chai; mkirudi mtanikuta bado naendelea.

Kwanza mnijue. Naitwa Kresensia Ngonyani, naishi Ruhuwiko hapa Songea, na nilikuwa askari polisi kwa miaka ishirini na tisa. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikaa kaunta. Kaunta ni ile meza ndefu unayoikuta ukiingia kituoni, ambako mtu anafika analia, au amelewa, au vyote viwili, na wewe unatakiwa umpe kiti na uchukue kalamu. Nilistaafu nikiwa sajenti. Sikupiga risasi hata moja nje ya uwanja wa mafunzo, na sijutii.

Mikoroshoni si mji wa kweli. Nalisema hilo wazi kwa sababu mume wangu, Mzee Alfonsi, kwa miezi miwili ya mwanzo aliamini nimerudishwa kazini kwa siri. Ni mji ulio ndani ya mchezo wa kompyuta. Watu wanaingia kwa mtandao, kila mmoja kwake, huyu Tunduru, yule Mbinga, mwingine Dar es Salaam, na wanaishi humo kwa sura na majina ya kubuni. Mmoja ni dereva teksi, mmoja daktari, mmoja mwizi. Hakuna anayeshinda. Kazi ni kuigiza maisha, na kuongea kwa kipaza sauti kama huyo unayejifanya kuwa.

Aliyeujenga ni Zuhura, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Ni binti wa Nalasi, amekulia kwenye mikorosho ya baba yake, ndiyo maana ya jina la mji. Mchana anatengeneza kompyuta za watu mjini. Jioni ndiye anayewasha jua la Mikoroshoni na kulizima.

Jumapili moja nimerudi kanisani nikamkuta ameketi kwenye kizingiti cha chumba chake, kompyuta magotini, uso kama wa mtu aliyetoka kuzika.

"Umefiwa?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Watu wananikimbia."

"Watu gani?"

"Wachezaji. Wanauhama mji."

"Wanakimbia nini?"

"Polisi."

Nilivua viatu nikaketi kando yake, akanionyesha. Teksi ilikuwa imesimama njia panda, imetulia, inasubiri. Gari la polisi likaja likaigonga kwa nyuma. Askari wawili wakaruka nje, wakampiga dereva risasi, na kabla hajafika chini mmoja wao alishaingia kwenye teksi na kuondoka nayo.

"Kosa lake nini?"

"Hakuwasha taa ya kukata kona."

"Na hao askari wamefundishwa na nani?"

"Hakuna, mama. Wanajiunga tu. Wanapenda bunduki."

Akanieleza kwamba madaktari ndio waliotangulia kuondoka, kwa sababu mchezoni aliyeuawa huamka hospitali, na wagonjwa wote walikuwa wa aina moja, wa risasi. Kisha wakaondoka wenye maduka. Sasa hata wezi walikuwa wanaaga, na mji ulioachwa na wezi, aliniambia, umebakiza kufungwa tu. Alikuwa ameujenga kwa mwaka mzima, nyumba moja moja.

"Wewe ulikuwa polisi," akasema. "Njoo uwafundishe."

Nilicheka. Simu yenyewe nilikuwa naitumia kupiga na kutazama picha za wanakwaya wenzangu. Lakini jambo lile liliniuma kuliko nilivyotegemea. Nilijisikia kama mtu aliyekutana barabarani na gwanda lake la zamani, limevaliwa na mlevi. Nilipomaliza kuosha vyombo nilirudi uani nikamwambia Zuhura, "Nionyeshe kwanza namna ya kutembea."

Kutembea kulinichukua wiki moja. Milango wiki ya pili. Wiki ya tatu niliapishwa kuwa Mkuu wa Polisi wa Mikoroshoni, mbele ya jengo la manispaa, na watu wote waliosalia wakaja kutazama. Meya alitoa hotuba ndefu sana, kwa kuwa nje ya mchezo yeye ni mwalimu. Alipomaliza alininyooshea mkono. Nami nikataka kumpa wangu. Sasa kitufe cha kupeana mkono na kitufe cha kupiga ngumi vimekaa jirani kwenye kibodi, na kidole changu hiki kina yabisi. Nilimpiga meya ngumi ya uso akabingirika ngazi zote hadi barabarani.

Walinzi wake wakatoa bastola. Mimi nilikuwa nimeachia kila kitu, mikono juu, mikono yangu halisi, chumbani Ruhuwiko. Meya akaongea akiwa amelala chini.

"Wananchi," akasema, "nadhani tumeielewa dhamira yake."

Watu walicheka mpaka walinzi wakarudisha silaha. Zuhura aliniambia baadaye kwamba ndiyo siku ya kwanza, kwa muda mrefu, polisi kuwa mahali penye watu na asife hata mmoja.

Mtasikia pia kikosini neno "maharage yanaungua", na mtafundishwa kwamba maana yake ni askari anaomba msaada haraka. Wapo wanaodhani ni msimbo wa kijeshi. Ukweli ni kwamba siku moja nilisahau kuzima kipaza sauti, nikamwambia mume wangu, "Alfonsi, geuza maharage, yanaungua." Doria ya upande wa kaskazini ikajibu papo hapo, "Nimepokea, afande. Yanaungua mtaa gani?" Magari matatu yalikuwa yameshawasha ving'ora. Nikaona askari wanaoitika haraka hivyo kwa maharage wanaweza kufundishika.

Tatizo langu kubwa lilikuwa msaidizi wangu. Nilimkuta pale, jina lake la mchezoni Afande Radi, sauti nzito kama ngoma, na hakuna aliyemzidi kwa shabaha. Siku ya kwanza nilimwomba anionyeshe mahabusu. Ilikuwa safi kama sakristia ya kanisani.

"Radi," nikasema, "hii mahabusu mbona haijawahi kulalwa na mtu?"

"Hawafiki, afande."

Alisema hivyo kwa fahari.

Niwaeleze kitu kuhusu mahabusu. Nilipoanza kazi, kwenye kituo ambacho sitakitaja, walikuja kaunta wanaume wawili wanagombania baiskeli. Mmoja alikuwa ananuka pombe, ananipayukia. Mwingine kimya, shati limepigwa pasi, anasema "naam, afande." Nilimfungia yule mpayukaji, nikamletea chai yule mtulivu. Mkuu wangu wa zamu alikuwa Stafu Sajenti Mapunda, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliporudi kutoka doria akauliza nani yuko ndani. Nikamwambia mwizi wa baiskeli.

"Jina lake?"

"Sikumuuliza, afande."

"Basi umemfungia nani?"

Tulipomtoa ikaonekana yeye ndiye mwenye baiskeli. Alikuwa amekunywa kwa uchungu, baada ya kuitafuta siku mbili. Mtulivu alikuwa ameshamaliza chai, ameaga kwa adabu, na ameondoka nayo. Mzee Mapunda hakunigombeza. Alinipa kitabu cha matukio na kalamu, akaniambia nimwandike yule bwana jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, huku yeye mwenyewe amesimama mbele yangu ananiangalia. Nilikosea na kufuta mpaka nikaharibu ukurasa.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya Mikoroshoni ni kuweka kaunta. Zuhura alinijengea meza na kitabu. Nikatoa amri kwamba kila askari anayerudi anaandika: nani, wapi, saa ngapi, alisema nini. Na aliyeua mtu anaandika kurasa mbili.

Jioni ile ile Radi alibeba maiti akaiweka kwenye kaunta yangu.

"Jina lake?" nikamuuliza.

"Hajasema."

"Kwa nini hajasema?"

"Amekufa, afande."

"Keti uandike."

Radi aliandika saa nzima. Alikuwa anachapa kwa kidole kimoja, nilisikia kwenye kipaza sauti, ta, kimya, ta. Alipomaliza nikamrudishia kwa sababu hakueleza marehemu alisema nini kabla ya kupigwa. "Alisema 'shikamoo afande'," akanijibu. Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Ripoti ya pili ilimchukua jioni nzima, ya tatu akaandika huku anahema, na kabla ya ya nne alimleta mtu mzima mzima, amemfunga pingu, anamsukuma mbele.

"Huyu yuko hai," akasema. "Atajieleza mwenyewe."

Sikuwahi kumhubiria Radi kuhusu uhai wa binadamu. Nilimchosha kwa karatasi tu, na wapo wengi duniani ambao hiyo ndiyo dawa yao.

Jambo jingine ni la kukimbizana na magari. Wote mnalipenda, najua. Zamani Mikoroshoni mwizi mmoja alikuwa anafukuzwa na magari sita, na mwisho wake magari matano yako mtoni na mwizi anawapungia mkono ng'ambo. Mimi kuendesha sijui. Lakini nilimuuliza Zuhura mji una vituo vingapi vya mafuta, akasema viwili. Nikamweka askari mmoja kila kituo, ameketi, anakula karanga. Gari la mwizi linakunywa mafuta kama la kwako. Anawasumbua, anawazungusha, na baada ya robo saa anaingia mwenyewe taratibu kituoni, anamkuta askari ameshika mpira wa mafuta, anamuuliza, "Nijaze?"

Sasa niwasimulie siku ya benki, ambayo mtaisikia kwa watu wengi na kila mmoja ataongeza lake. Mimi nilikuwepo.

Alikuwepo mwizi anayeitwa Kiberiti. Alikuwa mjanja, mcheshi, na watu wengi waliingia mchezoni kwa sababu yake. Kabla sijaja, Radi alikuwa amempiga risasi mara tatu akiwa amenyoosha mikono juu. Kwa hiyo alikuwa hajisalimishi tena, hata kwangu. Wiki ile Zuhura alikuwa amenijia jikoni akaniambia Kiberiti na kundi lake wamepata mji mwingine wa kuhamia. "Wakiondoka hao, mama, nafunga," alisema. Alikuwa anamenya vitunguu vyangu, kwa hiyo sikujua machozi ni ya nini.

Jumamosi mchana Kiberiti akaingia benki peke yake, akawafunga kamba watu saba, akapaza sauti dirishani kwamba hatoki.

Nililizingira jengo kwa askari wote niliokuwa nao. Radi akapanda paa la jirani na bunduki ndefu. Nikasogea mlangoni nikaanza kuongea naye. Alitaka helikopta. Nikamwambia rubani ameenda Mbamba Bay kwenye msiba. Alitaka pilau ya watu wanane. Nikamwahidi. Kisha akasema anachotaka kweli ni Radi amwombe radhi, mbele ya watu.

Radi akajibu kwenye redio. "Siombi radhi kwa mwizi."

"Basi nami sitoki," akasema Kiberiti. "Na hawa nawamaliza mmoja mmoja. Nimewafunga kamba, hawana pa kwenda."

Dakika moja haikupita. Ghafla sauti ya Kiberiti ikabadilika, ikawa ya chini, ya mtu wa kawaida.

"Afande, nina tatizo. La huku nyumbani."

"Tatizo gani?"

"Mkwe wangu amefika."

"Mkwe yupi?"

"Mama yake mke wangu. Ametoka Nalasi na basi hadi huku Tunduru. Mke wangu yuko sokoni. Nimesikia hodi."

Inabidi mjue kanuni. Anayeondoka katikati ya tukio kama hilo anafungiwa wiki nzima asiingie mjini. Ni kanuni nzuri, maana wezi wengi walikuwa na tabia ya kuzima kompyuta wakikamatwa. Radi aliikumbuka kabla yangu. "Akiondoka anafungiwa," akasema.

Nikafikiri. Kwenye kaunta halisi nilishaona mtu akipewa ruhusa kwa mambo kama haya, tena na wakuu wakali kuliko mimi.

"Kiberiti, nakupa dhamana," nikasema. "Nenda ukampokee mama, urudi. Una mdhamini?"

Mmoja wa mateka, dada aliyekuwa mhudumu wa benki, akasema, "Mimi namdhamini, afande. Ametutendea vizuri."

"Dada, si umefungwa kamba?"

"Zimelegea."

Nikaandika dhamana. Kiberiti akasema asante, na mwili wake wa mchezoni ukabaki umesimama mlangoni, kichwa kimeinama, bunduki mkononi, hauna mtu ndani.

"Afande," Radi akasema kwenye redio, "nimemlenga. Yuko wazi kabisa."

"Huyo yuko kwa dhamana, Radi."

"Ni risasi moja tu, na mambo yameisha."

"Utaandika."

"Nitaandika."

Hapo nilishtuka. Siku zote kuandika kulikuwa kumemtosha. Nilimtazama Zuhura, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mikono mdomoni. Angeweza kumzuia Radi kwa kubonyeza, yeye ndiye mwenye mji. Nikatikisa kichwa. Kama tungemzuia kwa kitufe, kesho angepiga mtu mwingine.

"Sawa," nikamwambia Radi. "Uandike basi kwamba ulimpiga mtu aliyekuwa amekwenda kumpokea mama mkwe wake."

Redio ilikwaruza mara mbili, kama mtu anayebonyeza kitufe na kukiachia.

"Nashusha silaha," Radi akasema.

Tukasubiri. Nusu saa ikapita. Mateka wakaanza kupiga soga kuhusu bei za viazi. Meya akaleta viti. Ilipokaribia saa nzima, watu wakaanza kusema Kiberiti ametutania, na mdhamini wake akawa haongei tena. Mimi nilikuwa najiandaa kusema nimekosea. Halafu kutoka mdomoni mwa Kiberiti ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Huyo polisi yuko wapi?"

Kilichotokea ni hiki. Mama yule alikuwa amefika dirishani mapema kuliko mkwe wake alivyodhani, na akasikia kwa masikio yake mwanamume aliyemwoza binti yake akisema amewafunga watu kamba na atawamaliza mmoja mmoja. Akagoma kuingia. Aliketi nje juu ya mzigo wake, akawaambia majirani. Mkwe wa kiume naye habishani na mama mkwe, wala hamtazami usoni. Alichoweza ni kuchukua kompyuta, kuiweka dirishani huku ameangalia pembeni, na kumwomba aongee na afande.

"Asalaam aleikum, mama," nikasema. Mimi ni Mkatoliki, lakini kaunta inakufundisha kumpokea kila mtu kwa salamu yake.

"Waaleikum salaam. Wewe ni polisi kweli?"

"Nilikuwa, mama. Sasa nimestaafu. Niko Songea, Ruhuwiko."

"Mkwe wangu huyu amefunga watu."

"Ni mchezo, mama. Kama maigizo ya redioni. Wote tunaigiza."

"Hao waliofungwa wako wapi?"

"Wako hapa. Wanakusikia."

Mateka wote saba, mmoja baada ya mwingine, wakasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekula?"

Yule dada wa benki, ambaye mpaka leo sijui alikuwa anawaza nini, akajibu, "Bado, mama."

"Shabani," mama akasema, na ndipo mji mzima ulipojua jina halisi la Kiberiti. "Umeweka watu ndani tangu saa ngapi hawajala? Wafungue."

"Ndiyo, mama."

Tukamwona Kiberiti, jambazi ambaye hakuna askari aliyewahi kumfikisha kituoni, anapita kwa kila mateka anamfungua kamba. Kisha akaweka bunduki chini, akatoka nje, mikono juu.

Radi alishuka kutoka kwenye paa. Alitembea taratibu mpaka mbele yake. Nilikuwa nimeshika kitufe cha redio bila kukibonyeza.

"Jina lako," Radi akasema.

"Kiberiti."

"La baba?"

Akamtajia, Radi akaandika. Akamwambia kosa lake, akamfunga pingu. Halafu akasimama pale pale.

"Zile mara tatu," akasema, na ile sauti ya ngoma ilikuwa imepungua nusu. "Ulikuwa umenyoosha mikono. Nilikuona."

"Najua ulikuwa umeniona," Kiberiti akajibu.

"Niwie radhi."

Kiberiti alilala mahabusu yetu, mtu wa kwanza kulala humo hadi asubuhi. Mateka wake walimletea pilau niliyoahidi mimi. Hakuhama, wala kundi lake. Waliokuwa wameondoka walisikia habari ya mama mkwe wakarudi kuuliza kama ni kweli, na wakirudi walikuwa wanakaa. Madaktari wakaanza kupata wagonjwa wa mafua. Na mama naye, kila akija Tunduru, anamwagiza Shabani awasalimie wale watu saba.

Radi nilikutana naye uso kwa uso baada ya pale. Alikuja Songea kwa shughuli zake akaomba kufika nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kupokea jitu. Akaingia mtu mwembamba, kola imefungwa hadi juu, amebeba mfuko wa mbegu za maboga kama zawadi, akasema shikamoo kwa sauti ambayo ilibidi nimwombe arudie. Anauza pembejeo kwenye duka la mtu Mbinga. Ile sauti nzito ni mashine, kompyuta inamtengenezea.

Mzee Alfonsi alipotoka kwenda kutafuta soda, Radi akaniambia, "Dukani, mama, wateja wananipita wanamuita bosi. Kule nikisema neno, watu wanakimbia. Nilidhani ndiyo kuheshimiwa."

"Na siku ile ulivyomwomba radhi Kiberiti?"

Aliangalia ncha za viatu vyake. "Siku ile walinipigia makofi," akasema. "Sikujua nifanye nini."

Yeye ndiye mkuu wenu sasa. Nimewaambia haya kwa ruhusa yake, na akiwasumbua kwa kuandika mjue anajua uchungu wake kuliko ninyi. Mimi niliacha kwa sababu ya macho. Daktari alinipima akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia Mkuu wa Polisi wa Mikoroshoni, akaandika kitu kirefu kwenye cheti changu ambacho sijakisoma.

Lakini sikuuhama mji. Zuhura amenipa gari dogo la kubebea mboga, na kila Jumapili mchana, kwa muda wa saa moja tu, ninapeleka mchicha sokoni kwa jina lisilojulikana. Wiki iliyopita nikasimamishwa na askari mpya. Nadhani ni mmoja wenu, dada, sauti inatetemeka kidogo. Alinisalimia. Akajitambulisha. Akaniambia nimepita kwenye kivuko cha watembea kwa miguu bila kusimama, na kuna mtu alikuwa anavuka.

Miaka ishirini na tisa niliwasikia watu wakisema uongo kaunta, na nilikuwa nawashangaa. Sasa nikafungua mdomo nikasikia mwenyewe nikisema, "Nilisimama, afande. Huyo mtu ndiye hakutaka kuvuka. Tena alinipungia mkono nipite. Tena nadhani ananifahamu."

Hakunicheka, wala hakunikatisha. Alisubiri mpaka nikamaliza, akaniambia ameandika maelezo yangu, na angependa kunisomea ili nimwambie kama kuna alipokosea. Akasoma. Uongo wangu wote ulikuwemo, neno kwa neno, na mkono wa kupungia, na "tena nadhani ananifahamu."

"Ni sahihi, mama?" akaniuliza.

Nikasema ni sahihi, nikaweka saini.